Mzee Gerishon Irungu na Mtoto Aliyekomaa

Marehemu Mzee Gerishon Irungu alizaliwa tarehe 4 Machi 1943 huko Othaya, akasoma hadi darasa la saba, akaja Eldoret mwaka 1966, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Kapseret. Tarehe 12 Desemba 1970 alimuoa Waceke, wakapata watoto wanne, na idadi hiyo mwikumbuke, maana baadaye ilizua maswali.

Mwaka 2005 macho yalianza kufifia, naye akakana, hata baada ya kumwamkia punda kwa heshima zote. Tarehe 31 Desemba 2007, nyumba yao ilipochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, jirani yao Kipyego alimshika mkono akampitisha kwenye boma lake, Gerishon akiuliza njiani ni nani huyo anachoma takataka nyingi hivyo, Kipyego akimjibu, "Mzee, tembea tu." Walikaa kambi ya wakimbizi hadi Mei, wakarudi.

Tarehe 2 Juni 2010 daktari alimwonya kwamba asipopasuliwa mwezi huo atakuwa kipofu kabisa. Nesi akatoka nje na karatasi, akamwambia Waceke, "Mzee ana mtoto, tena amekomaa, lazima atolewe, weka sahihi hapa." Waceke akauliza mama ya huyo mtoto ni nani, akakataa kalamu, akamwacha mumewe kwenye benchi. Kwa siku tisa Gerishon alikula ugali baridi bila kujua kosa lake, mpaka Habiba mwenye duka la nguo akaeleza, "Mama, ni mtoto wa jicho, ule utando mweupe." Waceke alitia sahihi, ila msamaha hakuomba, kwa kuwa si yeye aliyeupa ugonjwa jina hilo.

Bandeji ilipotolewa, Gerishon alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi," akajibiwa kwamba hata yeye hakubaki kijana. Akaenda kumwona Kipyego, akamwambia sauti yake ilikuwa nzuri kuliko sura, kisha wakanywa chai wawili hao mpaka birika likaisha. Toka hapo aliangalia kila kitu, sukuma wiki, kuku, maziwa yakifurika jikoni, haya ya mwisho bila kuita mtu.

Aliugua moyo, akafariki tarehe 9 Agosti 2018 macho wazi, nesi akayafumba mara mbili yakafunguka. Familia inawashukuru madaktari, Kipyego, Habiba na mafundi wa baiskeli wa Kapseret. Gerishon, umeangalia vya kutosha, hata sura ya Waceke uliivumilia miaka minane, sasa yafumbe, upumzike kwa amani.