Alitoka au Ametoka?

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la kushona, na kahawa tunainywa kidogo kidogo ili tusipate sababu ya kurudi kazini. Asubuhi ile hata mpira haukutajwa. Mama Pindo, fundi cherehani wetu, alikuwa anasubiri simu ya usaili kwa Kiingereza. Kampuni hiyo ya kushona sare ilishamkataa mara moja. Walimuuliza uzoefu, akajibu "I worked as a tailor for nine years", wakamwambia wanatafuta mtu ambaye bado anashona. Siku hiyo walikuwa wamempa nafasi nyingine, nasi tulikuwa tumejipa kazi ya kumfundisha. Mungu amsaidie.

Darasa lilifunguliwa na Spana, fundi magari. Alisema hapo panatakiwa "have", na "have" ni kumiliki. Ukisema "I have worked", kazi ni mali yako, hata bosi hawezi kukufukuza. Kinyozi akapinga, akadai hilo ni neno la heshima, unamtangulizia mkubwa wako kama shikamoo. Mstaafu, ambaye hukohoa kabla ya kukosea, akakohoa. Kwao Waingereza kuna baridi, alisema, kwa hiyo wanaongeza maneno ili mdomo upate joto. Kukiwa na barafu unatia "have" mbili.

Niliitikia kwa kichwa, maana ile ya baridi ilikuwa imeanza kuniingia.

— Mtanikosesha kazi nyie, alisema Mama Pindo, machozi yakimlengalenga.

Ndipo akaja dada mmoja tusiyemjua, mkononi ana kiatu kilichoachia soli.

— Samahanini, fundi viatu yupo?

— Alitoka, akajibu Kinyozi.

— Kwa hiyo amesharudi?

— Hajarudi.

— Sasa kaka, alitoka au ametoka? Nijue kama nimsubiri.

Kinyozi akatugeukia sisi. Mstaafu akakohoa, safari hii hakikufuata kitu. Aliyesimama ni Mama Pindo.

— Ametoka. Katoka na mpaka sasa hayupo, basi ametoka. Ukisema alitoka, mtu anajua hiyo habari imeisha. Na mimi ndivyo nilivyowaambia wale watu, kwamba kushona kwangu kumeisha. Kumbe nilijifukuza mwenyewe.

Simu ikaita. Akaipokea palepale mbele yetu, mgongo umenyooka.

— I have worked as a tailor for nine years, alisema, taratibu, kila neno mahali pake.

Wakamuuliza mengine. Alijibu habari za kola na zipu kama anayebishana na mteja mkorofi, mara akacheka nao. Nilifurahi mpaka kahawa ikanimwagikia suruali. Alipokata simu, alitutazama mmoja mmoja.

— Nimepata.

— Umepata au ulipata? akauliza Spana.

— Nimepata, baba. Na bado ninayo.