Gloria Amtoa Mkuu wa Shule

Ndani ya basi dogo la Haisi la kutoka Butiama, mama mmoja alimsimulia mzee aliyeketi kando yake habari za binti yake, Gloria. Afisa ustawi wa jamii alifika shuleni kumhoji kama ni kweli babu yake anataka kumwozesha. Mkuu wa shule, rafiki wa huyo babu, akakaa kusikiliza.

"Gloria akasema, 'Naomba mkuu atoke, abaki mwalimu wangu, madam Benedikta.' Afisa akakubali. Mtoto akaeleza yote, na harusi imekufa."

"Kumtoa mkuu ofisini kwake! Hiyo ni adabu?"

"Ni haki yake. Mimi nilikuwaga naogopa hata kuomba kwenda chooni."

Kwenye kituo cha Nyasho mzee alishuka, akarudisha kichwa dirishani. "Yuko darasa la ngapi?"

"La sita."

"La sita!" akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kukasirika.