Mama Agar na Ngoma ya Mapasa wa Bungulu

Ijumaa hii, tarehe 27 mwezi wa sita 2025, Mama Katungu Agar anavua blouse nyeupe ya kazi kwa mara ya mwisho. Amekuwa muuguzi wa hospitali yetu hapa Butembo miaka thelathini na mmoja, karibu yote katika chumba kimoja, kile cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wakubwa wameniomba mimi Stanislas, dereva wa ambulance, niandike wasifu wake, niusome mbele yenu. Nadhani ni kwa sababu ni mimi peke yangu niliyewahi kumwona akiogopa.

Alizaliwa Kayna, akasomea uuguzi hapa mjini, akaanza kazi wakati chumba kile kilikuwa na couveuse moja tu, lile sanduku la kuwatia watoto joto, na umeme ulikuja siku ulipopenda. Ukikatika, Mama Agar hakungoja groupe, yaani jenereta, iwashwe. Alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga vitambaa, akawapanga watoto katikati, huku akiugombeza umeme kama mkwe mvivu. Kofia za sufu wanazovaa watoto wetu hadi leo, ni yeye aliyeanza kuzifuma, kwa nyuzi za sweta kuukuu za sokoni.

Na watoto wote aliwaita Chef, yaani mkubwa. Docteur Malachie, alipofika kwetu kutoka Kisangani, siku yake ya kwanza alimsikia akitangaza kwa furaha kwamba Chef amekojoa vizuri, Mungu asifiwe. Daktari wa watu alitutazama sote, kisha akatoka nje kidogo kupunga hewa.

Lakini mtu akinitajia Mama Agar, mimi naiona barabara ya Beni, mwaka 2016.

Falonne, mke wa Éphraïm muuza samaki wa Bungulu, mtaa wa Beni, alikuwa amejifungulia kwetu mapasa, yaani mapacha, Précieuse na Grady. Walikuja mapema mno. Grady alikuwa akisahau kupumua. Ilibidi umsugue mguu ndipo akumbuke. Baada ya majuma mengi walianza kunyonya, uzito ukapanda, na daktari akaruhusu waende nyumbani kwa sharti moja: wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Watoto wawili, mama mmoja. Éphraïm, mwanaume aliyezoea mizigo ya samaki wa Kyavinyonge, alilalamika kwamba wenzake sokoni watamcheka mpaka Noeli.

"Batakucheka, mais mutoto ataishi," Mama Agar akamwambia. "Toa shati."

Akatoa.

Hapo ikaja habari kutoka Bungulu: Mukaka Anne-Marie, yaani nyanya wa watoto, mama yake Éphraïm, ameita ukoo mzima na ngoma ziko tayari. Kwetu mapasa hawaingii nyumbani kimya. Huchezewa ngoma, na wazee wetu husema kwamba wasipochezewa wanaweza kukasirika wakarudi walikotoka. Mama Agar ni Munande kama sisi, alilijua hilo vizuri. Ila alijua pia kwamba kikohozi cha mgeni mmoja kingetosha kumzima Grady. Akapanda gari langu pamoja nao, bila kutumwa na mtu.

Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani kabla ya Beni, askari, mtu wa mkoa wa Équateur kwa lafudhi yake, aliona koti la Éphraïm limevimba. "Papa, fungula koti! Mbio!" Éphraïm akafungua taratibu, kikachomoza kikofia cha sufu.

"Nzambe! Ni mutu?"

"Ni Chef," Mama Agar akajibu.

Askari akapiga saluti. Tulicheka mpaka gari lilipoondoka, kisha kicheko kikakatika, maana Grady alikuwa amenyamaza vibaya. Nilisimamisha gari. Mama Agar alimsugua mguu, akamsugua mgongo, akimwita kwa jina lake, Grady, Grady, si Chef tena. Jamani, niliuona muda ni mrefu. Ndipo kile kitoto kikalia.

Bungulu uwanja ulikuwa umejaa, na ngoma zikaanza mara tu walipotuona. Mama Agar alishuka wa kwanza, akasimama mlangoni na kutanua mikono. Mukaka alimjia analia: "Unataka batoto barudie kwenye balitoka?"

"Miye pia hapana nataka, Mukaka. Wacha bakomae kwanza. Utacheza siku miye nitasema."

Mukaka alivitazama vile vikofia viwili, akailaza ngoma yake chini. Watu wakaondoka mmoja mmoja, bila kelele. Mama Agar alibaki pale siku kadhaa, akamfundisha Éphraïm kulala ameketi.

Siku ya kucheza haikupatikana. Watoto walipokuwa wamepata nguvu, ikaja Ebola na mikusanyiko ikakatazwa. Halafu vita vikawahamisha huku na kule. Kila mara Éphraïm alipomletea Mama Agar samaki, alileta pia swali la mama yake: bado? Naye Mama Agar aliona haya, akabadilisha mazungumzo. Leo mapasa wako shule ya msingi. Précieuse anahesabu haraka kuliko baba yake, na Grady hasahau tena kupumua, anasahau kunyamaza tu.

Mama Agar, tunakushukuru kwa mikono yako iliyokuwa na joto hata asubuhi za baridi ya Butembo. Tumeanza kukukumbuka kabla hujaondoka. Ulale sasa usiku mzima, ufume kofia za wajukuu wako, umeme wa kwako usikukatikie, na Mungu akutunze kama ulivyotutunzia watoto.

Jambo moja limebaki. Mukaka Anne-Marie amefika. Amezeeka sana, Précieuse amemshika mkono upande huu na Grady upande ule. Ngoma yake nimeibeba mwenyewe garini, na ukoo wote unangoja hapa kwenye uwanja wa hospitali, kimya kama siku ile. Hakuna atakayeigusa kabla ya neno lako.

Sema, Mama Agar.