Sadiyo Korane na Robo ya Wanawake wa Diff

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Sadiyo Korane anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya utafiti ya Garissa kwa miaka ishirini na sita. Hata sasa hatuamini.

Mzaliwa wa mtaa wa Iftin hapa Garissa, alianza kama mtafiti wa nyanjani akapanda hadi kuwa msimamizi wa watafiti wote. Sauti yake ilifika ofisini kabla yake, na chai isiyo na tangawizi aliirudisha bila kuona haya.

Lakini nitamuagaje bila kutaja Diff, ule mji mdogo wa Wajir ambako kila mtu ni Mwislamu? Tulikuwa katika ule utafiti wa dini unaofanywa nchi nyingi kwa maswali yale yale. Majibu ya Diff yalipofika, ofisi nzima iliduwaa: karibu robo ya wanawake walisema hawajaswali siku hiyo. Diff! Astaghfirullah! Meneja wa wakati huo akaamua kwamba mtafiti wetu, Siyad, amejijazia majibu kivulini, na afukuzwe. Siyad aliapa kwamba aliandika alichoambiwa, ila aliona haya kuuliza sababu.

Bi Sadiyo aliomba asifukuzwe kwanza, akaenda Diff mwenyewe, akaketi na wanawake. Walicheka hadi machozi yakawatoka. Mmoja wao, Ramlo, aliuliza, "Kwani huyo kijana hana mama?" Mwanamke akiwa katika siku zake za mwezi haswali, dini yenyewe imemwondolea. Waliojibu hapana walikuwa wanaitii.

Aliporudi alitueleza mkutanoni, kisha akauliza kama hatuna wake nyumbani. Tulikuwa wanaume tupu, wote wenye ndoa. Butwaa lililonishika siku hiyo halijaniachia. Siyad alibaki kazini.

Mwezi uliopita tuliletewa swali jipya kutoka Nairobi: imani yako ina nguvu kiasi gani, kuanzia moja hadi kumi? Siyad alilijaribu kwa Bi Sadiyo, aliyekwenda Hija na anayefunga kila Jumatatu na Alhamisi. Sote tulijua atasema kumi.

"Andika sijui," akasema.

"Eedo, shangazi yangu, hata wewe?" Siyad akauliza.

"Kama nimeswali, hilo nalijua. Hilo lingine analijua Mungu, na nyinyi hamjamhoji."

Asante, Eedo Sadiyo. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, nasi utuache na mshangao wetu.