Kiingereza cha Benga

Mwaka ule wa hamsini na sita, wanywa kahawa wa Ifakara walikuwa na benchi lao nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na asubuhi hiyo Polikarpo ndiye aliyewanunulia wenzake. Mkewe, Balbina, alikuwa amejifungua kwa taabu mwezi uliopita, na Sista Pilar, mkunga Mhispania wa misheni, hakumwachia mkono mpaka mtoto alipolia. Sasa sista anarudi kwao, lori linaondoka mchana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, ila Kiingereza alikijua. Polikarpo alitaka kumshukuru kwa Kiingereza, aanze na neno la Kihispania la sista, alilolisikia siku ile ya kujifungua kupitia ukutani: benga, benga.

— Maana yake njoo, alisema Raimundi, waliyemwita Gazeti. Alikuwa anamwita mtoto. Si unajua, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Kiingereza, kamu.

— Nikamwambie sista kamu? Atadhani namwamuru.

— Basi alikosea Kiswahili. Alitaka kusema bega. Bega la mtoto lilikwama.

Valeriani, aliyeitwa Bama kwa ajili ya vita alivyopigana huko Burma, alitikisa kichwa.

— Hilo neno la jeshini. Wahispania walilisema tukipanda milima. Kaza buti. Haba na haba hujaza kibaba. Kiingereza chake kwiki machi.

— Bama kulikuwa na Wahispania?

— Walikuwa nyuma yetu.

Polikarpo akalijaribu kimoyomoyo: Sista, kwiki machi. Aibu ikamshika. Moyo umejaa, mdomo mtupu.

Hapo akatokea Balbina, mtoto mgongoni.

— Shikamooni. Baba Natalia, alimwambia mumewe, lori linapakiwa. Mnatafuta nini?

— Marahaba, mama, alijibu Gazeti. Kiingereza cha benga.

— Mimi nilimwelewa palepale, nikasukuma. Na sista si anakijua Kihispania? Sasa mnamtafsiria nani?

Gazeti akamtazama Bama. Bama akachungulia kikombe.

Polikarpo akainuka, wakaenda misheni wote wawili. Sista alikuwa keshapanda. Balbina akamfungua mtoto na kumwinua, sista akampokea, akamlaza kifuani.

— Asante, Sista, alisema Polikarpo.

Sista akamshika Polikarpo kichwa kwa mkono mmoja, kama anavyoshikwa mwana, akasema neno jingine, refu, machozi yakimtoka. Polikarpo hakumuuliza mtu maana yake.