Valeria Nyamizi na Namba Isiyofungwa

Baba Paroko, viongozi wa serikali ya kijiji, wakwe zetu, majirani wa Migato na ndugu mliotoka Zagayu, Mkula na Bariadi mjini, kabla ya kusoma familia inaomba jambo moja tu, kwamba kila mwenye simu aiondolee mlio, hata wewe mzee uliyekaa nyuma ambaye simu yako ikiita inaimba kwaya nzima, tuondoe mlio sote, sababu yake mtaisikia mbele, na msitukasirikie. Anayesoma ni Wilbroad Maganga, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu, na pale ambapo historia hii itamtaja vibaya atasoma vilevile ilivyoandikwa, maana marehemu mwenyewe aliagiza asirukwe mtu.

Marehemu Valeria Nyamizi Maganga alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 katika kijiji cha Zagayu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, na alisoma shule ya msingi hapohapo Zagayu kuanzia mwaka 1965 hadi alipohitimu darasa la saba mwaka 1971. Kusoma hadithi kulimchosha, lakini hesabu, jamani, hesabu alizila kama viazi, akisikia namba mara moja imeshakaa kichwani, na ndiyo maana mwaka 1974 chama cha msingi kilimchukua kuwa karani wa mizani ya pamba, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini bila mkulima hata mmoja kulalamika kwamba amepunjwa, jambo ambalo wakulima wa pamba mliopo hapa mnajua uzito wake.

Tarehe 17 Septemba 1977 alifunga ndoa takatifu na marehemu Paschal Ngassa wa hapa Migato, kwa ng'ombe kumi na wanne, ingawa dume mmoja alitoroka njiani akarudi kwao, na mpaka leo sisi wa Zagayu tunawadai wakwe zetu dume huyo na wao mpaka leo wanasema alifika. Mungu aliwajalia watoto watatu, Anjela aliyezaliwa mwaka 1978, Constantine aliyezaliwa mwaka 1982 na sasa anaishi Mkula, na kitinda mimba wao, Bujiku, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1988, ambaye hayupo hapa.

Tarehe 21 Julai 2007, baada ya kuuza pamba, marehemu alikwenda Bariadi akanunua simu yake ya kwanza, ile ndogo ya vitufe yenye tochi, na laini ya mtandao pekee uliokuwa ukishika huku kwetu, nao haukushika nyumbani, ulishika juu ya jiwe lile lililoko nyuma ya kisima, ambalo wote mnaliita Jiwe la Simu, na hapo juu marehemu aliweka kibanda cha turubai akauza vocha na kupigisha watu simu. Mtu aliyetaka kuongea na mwanawe wa Mwanza alipanda jiweni, akageukia kaskazini, akanyoosha shingo, na marehemu alimwelekeza pa kusimama, maana alijua kila hatua ya jiwe lile, hapa unasikia, hapa husikii, hapa utasikika wewe lakini yeye hutamsikia.

Tarehe 3 Mei 2010 Bujiku aligombana na baba yake, yeye akitaka kwenda kutafuta dhahabu, mzee akitaka abaki alime, mzee akasema ukitoka hapa usirudi, na kijana akatoka. Mama yake alimsindikiza mpaka barabarani, hakumwandikia namba kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi hulowa, hupotea, huibwa pamoja na suruali, bali alimkaririsha namba ile njia nzima kama watoto wa darasa la kwanza wanavyokariri jedwali, mpaka basi likaja, na Bujiku akapanda akiwa bado anaitaja. Alipiga mara mbili mwaka 2011, na mara ya tatu ilikuwa Jumanne tarehe 14 Agosti 2012, marehemu akapokea akiwa juu ya jiwe, wakasalimiana, kijana akauliza kama mvua imenyesha, akauliza dume wake wa kulimia kama yupo, kisha akasema mayu, yaani mama, nataka kukuambia, na hapo mtandao ukakata.

Tangu siku ile marehemu aliishi kwa kusubiri mwisho wa sentensi hiyo. Alijua, kwa kuwa alikuwa muuza vocha, kwamba laini isiyotumika miezi mitatu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, akaogopa mwanawe apige siku moja apokelewe na mtu wa Tandahimba asiyemjua, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alipanda jiwe akampigia Anjela, hata kama Anjela alikuwa amekaa naye benchi moja kanisani. Mitandao mingine ikaja, ikajenga minara Bariadi, ikashindana kushusha bei za bando, vijana wakazunguka na miamvuli ya rangi wakigawa laini bure sokoni, kisha ikaruhusiwa mtu kuhama mtandao na namba yake, na majirani wote wakahama, yeye akabaki peke yake na mtandao wake wa jiweni, akisema kwamba katika kuhama vitu huvunjika. Kampuni haikujua chochote juu yake, lakini ilimtumia ujumbe kila siku ikimwita mteja wetu mpendwa, na kila simu ilipolia mlio ule mdogo alitupa jembe akakimbia kusoma, akakuta ni bando la wikendi.

Mwaka 2018 tapeli mmoja alimpigia akajifanya ni mwanawe, akasema amepata ajali na anahitaji kutumiwa hela, na marehemu hakumkatia simu, alimuuliza jina la dume aliyekuwa akilimia, tapeli akababaika, akataja majina matatu ya kubuni, ndipo marehemu akamwambia kwa upole kwamba yeye siye, lakini kwa kuwa sauti yake ni ya kijana, ampigie mama yake leo leo, maana huenda naye yuko juu ya jiwe mahali fulani. Mumewe, mzee Paschal, alikuwa ameshafariki tarehe 30 Novemba 2015, na neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa kwamba kijana akipiga, aambiwe arudi.

Sasa tunafika mahali pa mwalimu Wilbroad. Mwaka 2019 serikali iliagiza kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, asiyesajili hadi tarehe 20 Januari 2020 afungiwe, na marehemu alikwenda Bariadi akiwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa, akaweka kidole gumba kwenye mashine ya wakala, binti anayeitwa Precious, mashine ikakataa, akaweka cha pili, ikakataa, akaweka vyote kumi, vyote vikakataa, kwa sababu miaka arobaini ya jembe na ya kuchuma pamba ilikuwa imefuta kila mstari. Hata kuihamishia namba kwa Anjela kulihitaji kwanza kidole cha mwenye namba. Precious akamshauri apumzishe mikono, ajipake mafuta, arudi. Mwalimu Wilbroad alipopata habari alicheka, akamwambia dada yake anunue laini mpya kama watu wengine, laini ni laini, na dada aliposhikilia msimamo wake, mwalimu akamwambia sikio la kufa halisikii dawa, tena mbele ya watoto, na akaongeza neno jingine, kwamba huyo anayemsubiri angekuwa hai angeshapiga.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Valeria alirudi Migato akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa Kisukuma aliyewahi kulifanya huku akiwa mzima, aliacha jembe, wakati wa kupanda, mvua ikinyesha, jirani zake wote wakiwa shambani na mbegu mikononi, yeye akaketi mlangoni na bakuli la samli akijipaka vidole, hakufua, hakupepeta, hakuchota maji, na watu mkasema, ndiyo, mpo hapa na mlisema, kwamba Nyamizi amekuwa malkia, wengine mkasema amerukwa na akili, naye akaendelea kujipaka. Pamba ya mwaka ule haikupandwa katika shamba lake. Alikwenda Bariadi safari nne, mashine ikakataa, na safari ya tano, Jumamosi tarehe 18 Januari 2020, zikiwa zimebaki siku mbili, kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikasomeka, na Precious anasema alilia yeye kabla ya mama.

Tarehe 6 Juni 2023 mnara uliwashwa hapa Migato, na sasa vijana wetu wanaangalia mpira kiganjani wakiwa wamelala kitandani, na pale barabara kuu mitaro imechimbwa ya kupitisha waya wa intaneti ya kasi, na kila mtu anaringa. Mafundi wa mnara walipokuwa wakipanda, marehemu aliwapelekea uji, akawauliza swali moja, kama mtu anayepiga kutoka mbali sana sasa atasikika mpaka mwisho bila kukatwa, wakamwambia atasikika. Akateremsha turubai lake jiweni, akaweka simu dirishani, mtandao ukiwa umejaa mpaka juu, na akakaa. Mwaka mmoja baadaye alimwambia mdogo wake kwamba zamani alikuwa na cha kulaumu, aliulaumu mtandao, na sasa hana.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Februari 2024, akatibiwa zahanati ya hapa, kisha hospitali ya wilaya, na tarehe 11 Septemba 2025 alilazwa hospitali ya rufaa ya mkoa, ambapo wodini simu zinatakiwa kuwa kimya, lakini muuguzi Winnie, Mungu ambariki, alipoelezwa alisogeza kitanda karibu na dirisha akasema hiyo moja iachwe na mlio wake. Tarehe 2 Oktoba marehemu alimtuma mwalimu Wilbroad akamlete Precious na mashine yake, akitaka namba ihamishwe, na alipoulizwa ahamishiwe nani hakumtaja Anjela, alimtaja huyuhuyu mbishi, akasema Anjela ana huruma, atalia mpaka achoke, lakini Wilbroad ni mbishi, na mtu mbishi hachoki. Akanyoosha kidole gumba. Mashine ikakisoma mara ya kwanza. Miezi ya kitandani ilikuwa imelainisha mikono yake, mistari yote imerudi kama ya msichana, akaitazama mikono hiyo muda mrefu, kisha akacheka, akasema angejua angeugua mapema, na mwalimu Wilbroad alitoka nje akasimama ukutani, na hilo nalo linasomwa.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ameacha watoto watatu, na familia inasema watatu, na wajukuu wanane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote, zahanati ya Migato, jumuiya ndogondogo, akina mama mliopika siku zote hizi, wauza vocha wenzake wa Bariadi na mafundi wa mnara waliokuja na shada, pamoja na Precious, aliyefunga kibanda chake leo. Jana katika kikao cha ukoo mtu mmoja alishauri simu ile azikwe nayo. Tulikataa. Iko hapa juu ya kitambaa cheupe, imechajiwa, na ndiyo simu pekee yenye mlio katika uwanja huu, kwa hiyo ikiita, Baba Paroko atuwie radhi, kwa kuwa ibada itasimama. Jina la dume yule wa kulimia halikuandikwa humu kwa makusudi, kwani atakayepiga ataulizwa.

Bujiku mwana wa Ngassa, popote ulipo, baba yako alisema urudi. Mjomba wako alikosea, na anakiri hapa mbele ya watu. Namba ni ileile. Na wewe dada, umepokea simu za wenzako juu ya jiwe kwa miaka mingi, shuka sasa, pumzika kwa amani, hii moja tutapokea sisi.