Hermelinda na Misonobari ya Kijani

Wasikilizaji wapendwa, mgeni mmoja alifika bila taarifa, matope hadi magotini. Alitoka ng'ambo ya mlima, ambako misonobari yote imekufa. Hermelinda Benítez alimpa kahawa kwanza. Maswali baadaye.

Leo tunamkumbuka Hermelinda, mgema utomvu wa misonobari, tuliyemzika juzi hapa milimani kwetu, Honduras.

"Doña, ile miti iliyogeuka myekundu iache," mgeni alisema. "Mdudu keshahama. Kata ya kijani iliyo jirani nayo."

"Mwanangu, jua limekupiga?"

Mgeni akabandua gome la msonobari wa kijani. Ndani, mbawakawa wadogo kama punje za mchele walikuwa wamechimba njia zao, wakiula mti ungali hai. Hermelinda akainama kuwatazama.

"Sisi tulikata mikavu tu," mgeni alisema. "Sasa hata chemchemi imekauka. Niahidi utakata ukanda mzima wa miti kuizunguka ile myekundu, mpaka bondeni. Hata ile mizima, mdudu akose pa kurukia."

"Nitaukata."

Miti hiyo ndiyo iliyomlisha. Mwanawe, Eliseo, alikuja juu. "Mama, tukishaikata tutagema mawe?"

"Tutachuma kahawa za watu. Mikono unayo, au ni ya kushikia mkate wa tortilla tu?"

Majirani tulimcheka. Tulisema anammalizia mdudu kazi. Yeye akaendelea kukata. Narudia, wasikilizaji: alikata miti yake mwenyewe, ya kijani, ili misitu yetu sote ipone.

Msonobari mmoja, mnene, ulitoa utomvu mwingi kuliko yote. Eliseo alimsihi auache. Hermelinda akauweka uwe wa mwisho. Lakini mti wa kabla yake ulijipinda ukianguka, ukamlalia.

Dada yake, Domitila, anasimulia: "Tulimfikisha nyumbani bado anapumua. Hakuulizia daktari. Aliuliza, 'Umebaki ule mmoja, sivyo?' Kisha akamtazama mwanawe. Eliseo akasema, 'Nitaukata, mama.'"

Tunawapa pole Eliseo, Domitila na ukoo wote wa Benítez. Nasi tuliocheka, leo tupande mlimani tukaitazame miti yetu, hasa ile tunayoiona mizima. Hatujui kama mdudu atakomea kwenye ukanda ule. Tunajua nani aliukata.

Jana asubuhi Eliseo alipanda mlimani na msumeno. Alibandua gome la ule msonobari mnene, akachungulia. Haukuwa na mdudu hata mmoja.

Akaukata.